Nimempatia Mama Kiti cha Kulala Ndegeni, Amekataa kwa Sababu ya Abti

Assalaam aleikum admin na ndugu zangu wa ukurasa huu. Naomba jina langu lifichwe, maana ukoo wetu ni mkubwa na nusu yao wamo humu wanasoma kimya kimya. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, sijaolewa, naishi na mama yangu mtaa wa Waberi, hapa Garissa. Kazi yangu ni kukata tiketi za ndege kwenye ofisi ndogo mjini. Wateja wangu wengi ni watu wa umra na wanaofuata jamaa zao ng'ambo.

Mama ana ugonjwa wa mgongo. Kukaa kitako kwa muda mrefu hawezi, miguu inakufa ganzi mpaka tunambeba. Kaka yangu aliye Marekani amemtafutia hospitali ya kumpasua, viza imetoka, na siku ya kulazwa imepangwa. Daktari wa hapa aliniambia wazi kwamba akisafiri amekaa njia yote, anaweza kufika huko miguu haifanyi kazi tena. Lazima alale chali. Kulala chali kwenye ndege ni daraja la biashara, vile viti vya mbele vinavyofunguka vikawa kitanda, na bei yake sisi tunaisikia tu.

Jamani, nilitafuta. Kila nikimaliza wateja narudi kwenye kompyuta. Nilijaribu kuanzia Addis badala ya Nairobi, nikahamisha safari katikati ya wiki, nikakimbia msimu wa shule kufungwa. Mara mbili nilipata bei nzuri, kuangalia picha ya kiti nikakuta kinalala nusu tu, nikakiacha. Mwishowe nikaigawanya safari: kipande kifupi akae nyuma kama watu wote, kile kirefu ndicho alale mbele. Bei ikashuka mpaka kaka na marafiki zake wakaweza kuilipa. Kilibaki kiti kimoja tu cha bei ile. Nilikilipia, nikalia kwa furaha pale pale ofisini.

Kosa langu ni kuitangaza habari hiyo nyumbani mbele ya watu. Mama hasafiri bila mahram, mwanamume wa karibu asiyeweza kumuoa, na anayempeleka ni Abti, yaani mjomba wangu, kaka yake mkubwa. Kwa wanaume wetu wa hapa, ndiye pekee mwenye viza. Baba alipofariki, Abti alituchukua kwake kijijini Kotile, akauza mifugo yake tukasoma. Mama anamheshimu mno. Hata siku ambayo mgongo umemlaza kabisa, Abti akibisha hodi mama anajikokota anakaa, na hatalala tena mpaka mgeni wake aondoke. Sasa siku ile ninajisifu na tiketi yangu, binamu yangu mmoja mwenye domo akauliza, "Na Abti atakaa wapi?" Nikajibu bila kufikiri, "Nyuma." Uso wa mama ukabadilika.

"Mimi nilale kitandani, kaka yangu amekunja magoti nyuma yangu?" akasema. "Wallahi, silali. Nitakaa na yeye huko nyuma, hicho kiti kibaki tupu."

Tumembembeleza wote. Kaka amepiga simu akilia. Tiketi haibadilishwi jina, na kiti cha pili cha bei ile sijakipata hadi leo. Nilimwambia kiapo kina kafara, afunge au alishe maskini yaishe. Akaniuliza, "Na aibu, hooyo, mwanangu, ina kafara gani?" Nilikasirika, nikatoka nje nikafua nguo zilizokuwa safi.

Juzi Abti akanipigia. Yeye hajawahi kudai kiti chochote, masikini, na jambo hili linamuumiza. Akasema, akiniita vile vile ninavyomwita, "Abti, sikiliza. Mwambie nimepata kiti cha mbele pia, lakini upande wa wanaume. Nani atamwambia hakuna? Hajawahi kupanda ndege." Na ni kweli, mama ataamini. Msikitini kuna upande wa wanaume, harusini upo, ataona na ndege ni hivyo hivyo. Atalala, atafika mzima, na Abti anasema lawama atabeba yeye.

Lakini ndugu zangu, mama yangu hajui kusoma. Mambo yote ya safari hii anayajua kwa mdomo wangu. Jana jioni nikiwa namkanda mgongo aliniambia, "Hooyo, mimi siogopi ndege. Kila kitu cha huko wewe umeniambia, na wewe hujawahi kunidanganya." Nikaendelea kumkanda, machozi yananitoka, yeye hanioni.

Wakishuka atamwona Abti anatokea nyuma, amevimba miguu, na atajua. Kisha anaingia kupasuliwa. Kama hataamka, atakuwa ameondoka akijua binti yake alimdanganya mpaka akavunja kiapo chake. Na nikisema kweli, atakaa njia yote, na nitakuwa nimemwona akipoteza miguu kwa sababu ya adabu. Nikilala nawaza hilo, nikiamka ni hilo hilo. Nimechoka.

Safari ni wiki ijayo. Leo nimerudi kazini nikamkuta uani, kwenye kiti cha plastiki, tasbihi mkononi, jasho linamtiririka. Nikamuuliza anafanya nini juani. Akasema anajizoeza kukaa. Nilipotaka kumwinua, miguu ilikuwa haimsikii.

Msiniandikie "pole dada" mkapita. Nimwambie upande wa wanaume upo, au ninyamaze? Niambieni nifanye lipi, mimi nimeshindwa.