Ushauri Niliompa Mzee wa Kajiado

Niliondoka Kitengela kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekubali tena kunishikia tindo. Kwenye machimbo ya mawe kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja hushika tindo, mwingine hupiga nyundo, na anayeshika huangalia jiwe, haangalii nyundo, kwa maana amemwamini mwenzake. Aliyeniamini mimi ni Muthama, mtoto wa mama yangu mdogo. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshusha kile kikombe cha pombe cha kutuliza mikono, tunachokiita cha kutoa loki, kama nilivyofanya kila asubuhi. Nikalikosa tindo nikaupata mkono, na vidole viwili havikuokolewa. Nilipokwenda kumwomba msamaha hakunitazama.

"Kioko, usiniletee pole," alisema. "Enda utafute watu wakusaidie kuacha, kabla hujaua mtu."

Jumatano, saa mbili asubuhi, nilikuwa barabarani. Muuguzi mmoja aliniambia kwamba Kajiado kuna kikundi cha walioacha pombe, na hukutana kila Jumatano nyuma ya kanisa. Hata Kitengela kuna kikundi, ila hukutana mahali ambapo mama mkwe wangu hufagia. Aibu ya mlevi ni ya ajabu: haoni haya kulala mtaroni mchana kweupe, lakini anaona haya kuonekana akitafuta msaada. Nikapewa lifti na lori la kokoto.

Isinya dereva alisimama anywe chai. Ng'ambo ya barabara baa ilikuwa imeshafunguliwa, na mtu alikuwa akimwaga maji mlangoni ili vumbi litulie. Nilibaki kwenye lori nimevikalia viganja vyangu. Jasho lilinitoka na baridi ilinishika kwa pamoja. Niliogopa, sitaficha. Dereva aliporudi aliniuliza kama niko na malaria, nikamwambia ndiyo.

Kajiado nilifika saa nne na nusu. Mlango wa kikundi niliupita mara tatu, nikijifanya natafuta choo. Mara ya nne mwanamke mnene akatokeza na sufuria mkononi.

"Wewe ndiye unazunguka?" aliniuliza. "Ingia, chai inapoa."

Huyo ndiye Mama Naserian, kiongozi wao. Zamani alikuwa akipika chang'aa na kuinywa kuliko wateja wake. Ndani tulikuwa watu wanane kwenye mabenchi. Aliyekuwa akizungumza ni Mzee Lemayian, mfugaji, mwenye miezi kumi na moja bila tone.

"Niko na harusi ya msichana wangu Jumamosi," alisema. "Baba lazima achukue pombe ya asali kwa mdomo, amtemee kichwani, ndiyo aende na baraka. Rika langu wanasema nikitumia maziwa peke yake, baraka haishiki. Sasa mnaniambia nini?"

Wenzake walimwambia, mmoja baada ya mwingine, atumie maziwa au amwachie ndugu yake. Mzee alikuwa akitikisa kichwa tu. Nami, ambaye hakuna aliyeniuliza, nikafungua mdomo.

"Mzee, si unatema? Kitu unatema haiingii. Chukua kidogo tu, utoe."

Uso wake ukanyooka. "Ashe oleng, kijana," akanishukuru.

Mama Naserian alinigeukia. "Wewe umeacha lini?"

"Leo asubuhi, mama."

"Basi hapa mgeni husikiliza."

Nilirudi Kitengela jioni bila kunywa, nikijiona mwanamume. Nilitetemeka siku nne, nikatapika, sikuonja. Hata ile haya ya kukatizwa na Mama Naserian ilinitoka, kwa kuwa niliamini nimemsaidia mzee wa watu.

Jumatano ya pili nilikuta mahali pa Mzee Lemayian amekaa mke wake, Mama Silantoi, hajavua shuka lenye vumbi la njiani. Alisema mumewe alibariki vizuri, akatema. Akachukua funda la pili ili baraka izidi. Walipomtoa bibi harusi nyumbani, baba yake alikuwa amelala nyuma ya zizi, na Silantoi akaondoka akigeuka nyuma mara kwa mara kumtafuta. Tangu siku hiyo mzee hajaacha kunywa.

"Alisema mtu wa hapa alimwambia ateme tu," Mama Silantoi alisema. "Ni nani?"

Hakuna aliyeniangalia. Mama Naserian alikazia macho kikombe chake. Ningeweza kunyamaza, na Mungu anajua nilitaka.

"Ni mimi, mama."

Hakunitukana. Alijifunga shuka. "Basi twende umwambie mwenyewe."

Tulitembea saa nzima kwenye jua kali, yeye mbele, mimi nyuma. Mzee tulimkuta amelala amegeukia ukuta.

"Mzee, nilikudanganya," nilimwambia. "Hata mimi singeweza kutema."

Akasema, bila kugeuka, "Nilijua. Wale wengine wote walikataa. Nilikuwa nangoja mgeni."

Nilikwenda Kajiado nikidhani pombe hukaa kwenye chupa, na kwamba mtu akiiweka chupa chini amemaliza. Siku ile nilikuwa mkavu kabisa, na bado ulevi uliongea kwa mdomo wangu, nao ukampata mlevi mwenzake wa kumsikia. Ndilo nililojifunza, na mwenye kulilipia ni mtu mwingine.

Kila Jumatano sasa nampitia mzee kwanza. Siku nyingine huamka, tukaenda wote kikundini. Siku nyingi haamki, nami hukaa naye kidogo, nimefunga mdomo, kisha nikaenda peke yangu.