Mguu Alioukalia Dada Yangu

Wiki ya pili tangu nitoke hospitali, dada yangu mkubwa aliniletea uji, akaketi kitandani upande wa miguuni. Nikapiga ukelele.

"Inuka, unanikalia mguu!"

Aliinuka mbio, uji ukamwagika. Kisha sote wawili tukapatazama pale alipokuwa ameketi. Palikuwa na shuka tu. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekatwa chini ya goti, kwa ajili ya kidonda cha sukari kilichoanzia kidole gumba kikakataa kupona. Nilijua haupo. Lakini uzito wake niliusikia juu ya unyayo, na alipoinuka, vidole vile visivyokuwapo vikajikunja, vikauma kana kwamba vimebanwa na mlango.

Dada alipangusa sakafu, akatoka. Baadaye nikamsikia jikoni akimwambia mjomba kwamba akili yangu imeanza kwenda, kama ilivyokwenda ya shangazi yetu. Shangazi yule alimaliza umri wake akifungiwa mlango kwa nje.

Tangu siku hiyo nikaficha. Maumivu yalipokuja, mara nyingi baada ya alasiri, niliuma ncha ya leso na kujifanya nimesinzia. Kliniki nako, mwalimu wa mazoezi, mama wa kutoka bara mwenye sauti ya upole na mikono isiyo na huruma, aliniuliza kila mara kama nasikia chochote katika mguu uliokatwa. Dada akiwa kando yangu, nilijibu sisikii.

Ikafika siku ya kujaribishwa mguu wa bandia. Nilishika vyuma viwili vya kutembelea vilivyosimikwa sambamba sakafuni, dada akasimama mwisho wake na mkoba wangu. Hatua ya kwanza, ya pili. Ya tatu, vidole vikajikunja. Nilivishika vyuma kwa nguvu, jasho likanitoka hadi machoni, mikono ikaniachia, nikaanguka kwa ubavu.

Mwalimu akapiga magoti mbele yangu. "Unauma uliopo au usiokuwapo?"

Nilimtazama dada kwanza. Macho yake hayakubanduka kwangu.

"Usiokuwapo," nikasema. "Na mimi si mwendawazimu."

Mwalimu akauliza ni nani aliyesema hivyo. Dada akauinamia mkoba. Akatueleza kwamba mishipa ya fahamu iliyokatwa huendelea kupeleka habari kwenye ubongo, na kwamba watu wengi waliokatwa kiungo huusikia uchungu huo. Aliyasema kwangu, lakini alikuwa akimtazama dada.

Kisha akaniketisha, akaleta kioo kirefu, akakisimamisha katikati ya mapaja yangu, uso wake ukielekea mguu wa kushoto. Ndani ya kioo nikaona miguu miwili. Akaniagiza nikunje vidole vya kushoto, halafu nivifungue taratibu. Sikusikia nafuu yoyote. Mara ya pili, vivyo hivyo. Nilitaka kukisukuma kile kioo kivunjike. Akasema tena, nami nikafanya tena, hadi kidole gumba cha kulia kikalegea, na vingine vikafuata kimoja kimoja.

"Vimefunguka," nikamwambia dada.

Akaweka mkoba chini, akaja kukishika kioo yeye mwenyewe.

Katika tuktuk ya kurudi nyumbani Kibokoni aliniuliza kwa nini nilimficha. Nikamwambia niliyasikia maneno yake ya jikoni. Tulipopita Mwembe Tayari akasema kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiufunga mlango wa shangazi, na hakuwa na nguvu za kumfungia mtu mwingine. Siku tatu hatukuzungumza ila la lazima, ingawa kila alasiri alikuja kunishikia kioo.

Miezi ikapita kabla sijaweza kutembea. Sasa naenda hadi mtaa wa Kuze na kurudi, nikiegemea mkwaju wangu. Uchungu haujaisha, ila umepungua, nami nimeacha kuuma leso. Unaponijia njiani, naketi kwenye baraza lililo karibu, nawaambia wenye nyumba kwamba mguu unaniuma. Wakiuliza ni upi, nawaonyesha.