Kadi Ilikataliwa Tanga, Mama Akaitwa Mwizi

Nimekosa, jamani. Nimekosa mno, na sina wa kumsingizia. Yule niliyemsingizia ndiye niliyemkosea.

Nawaandikia kwa sababu usingizi umenikimbia. Nikikaa nainuka, nikiinuka sijui niendako. Mke wangu ameshachoka nami. "Una nini wewe, umekalia siafu?" Namwambia ni joto. Joto gani la Julai!

Nisikizeni kwanza, mawe mtanitupia nikimaliza.

Mimi ni karani katika afisi ya mizigo karibu na bandari, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, sasa nakaa Buxton. Mamangu mzazi alifariki ndugu yangu Saidi angali ananyonya. Baba akamuoa Bi Rukia, mwanamke wa Msambweni, mpole, asiye na makeke. Huyo ndiye aliyetulea. Saidi hajui mama mwingine duniani.

Baba naye alipotangulia, Bi Rukia hakutukimbia. Alipika mahamri, akauza, tukasoma. Na wanawake wa mtaa walimfanya ndiye mshika pesa zao za mchezo, zile za kuchanga na kupokezana kwa zamu. Hakuna mwanamke aliyewahi kulilia shilingi yake mikononi mwa Bi Rukia. Hata mmoja!

Lakini ukoo wetu, Mungu atusamehe, ulikuwa na jicho lake. Si wa hapa, wakisema. Hakutuzalia, wakisema. Ami Omari, ndugu wa baba, alikuwa akimjibu salamu nusunusu. Na Shangazi ndiyo usiseme.

Sasa njooni kwenye ujinga wangu.

Mwaka juzi benki ilinipa kadi. Wee! Nilijiona nimepewa ufunguo wa dunia. Nilikuwa naitia kwenye mfuko wa kifuani wa kanzu, kitambaa chenyewe chepesi, makusudi rangi yake ionekane kwa nje. Nikienda msikitini nayo! Siku moja niliilipia chakula kwenye hoteli ya kitalii huko Nyali. Mhudumu akailaza juu ya kile kichuma chao, akakiburura krrr, ikatoka karatasi ya kaboni ina jina langu. Ile karatasi nilitembea nayo mpaka ikachanika, nikiwaonyesha watu barazani.

Basi Saidi, ambaye ni fundi wa mashine za boti pale Liwatoni, akapata mchumba Tanga. Tukaenda kuposa, tukakubaliwa. Yakatajwa mahari, kilemba cha baba na mkaja wa mama, na yote yaletwe mkononi siku ya nikahi kabla ya adhuhuri. Saidi alikuwa ameweka akiba yake kwa jasho. Jamaa wakachanga. Bi Rukia akaleta zake zimefungwa kwenye pindo la leso, zanukia iliki.

Zote nikapewa mimi nizibebe. Si mimi ndiye msomi?

Mimi sikuzibeba. Nilizipeleka benki nikazitia katika akaunti yangu, na sikumwambia mtu. Nilitaka tukifika Tanga niitoe kadi mbele yao wote, niende benki ya huko, nirudi na pesa, Ami Omari atikise kichwa aseme, mashallah, mtoto wa ndugu yangu!

Tulipokuwa tunaondoka, Bi Rukia aliniuliza, "Umezifunga vizuri, baba?"

"Mama," nikamwambia, "ziko mahali mwizi hafiki."

Akaniamini. Kwani alikuwa na sababu gani ya kutoniamini?

Mpakani nilibadilisha zangu za mfukoni tu, nikapewa noti nyingi za kwao mpaka nikajiona tajiri, kumbe ni nauli na soda. Nilipokuwa najaza makaratasi ya uhamiaji, nikampa Bi Rukia mkoba wangu wa ngozi anishikie. Likumbukeni hilo la mkoba.

Tukafika Tanga Ijumaa, nikahi ni kesho yake. Wenyeji wetu, watu wakarimu kupita kiasi, wakatupa nyumba nzima tulale, wakatulisha. Baada ya sala ya alasiri nikachomoka, nikaaga naenda kunyoosha miguu.

Benki ya kwanza, mlango umefungwa. Mlinzi akaniambia, "Mpaka Jumatatu, kaka." Nikamuuliza mashine ya kutolea pesa kwa kadi iko wapi. Akanitazama kama nimemuuliza njia ya mwezini.

Nikaingia hoteli moja, nikamwomba dada wa mapokezi anikatie kwenye kadi, anipe taslimu. Akaishika, akaigeuza, akaigeuza tena. "Samahani kaka, hiki ni kitambulisho?"

"Kitambulisho gani! Hizi ni pesa, dada!"

"Hapa kwetu pesa ni noti, kaka yangu. Lakini karibu chai."

Nikatoka jasho limelowesha kanzu. Ng'ambo ya njia kulikuwa na hoteli kubwa zaidi. Moyo ukatulia nilipokiona kile kichuma cha krrr juu ya meza! Meneja wao, mtu mzima wa miwani, akaichukua kadi, akaisoma polepole, akanirudishia kwa mikono miwili. "Bwana, imeandikwa itumike Kenya peke yake. Hukuisoma?"

Sikuisoma. Nilikuwa nikiionyesha tu.

Nikasimama pale barazani kwake, kadi mkononi, nisijue niende kulia au kushoto. Nikirudi Mombasa, benki zimefungwa huko pia, na ile mashine haikutolei pesa zote hizo kwa mara moja. Nikabaki nazunguka barabara zilezile hadi mwenye duka moja akaniuliza kama nimepotea.

Ilikuwa imebaki kusema neno moja tu. "Ami, nimefanya ujinga, pesa ziko benki Mombasa, tuwaombe wakwe mpaka Jumatatu." Wangenuna. Wangenicheka mpaka nife. Lakini nani aliyewahi kufa kwa kuchekwa?

Nikashindwa! Wallahi nikashindwa.

Nilipoingia nyumbani, Ami Omari alikuwa ameshakaa na sinia mbele yake, atandika kitambaa. "Ehee, lete amana tuipange."

Nikafungua mkoba. Nikapekuapekua. Nikajitia kushtuka. "Lahaula! Bahasha haimo!"

Ami Omari akakiacha kitambaa nusu.

"Mkoba umetoka mkononi mwako?" akauliza Ami.

"Haukutoka. Ila pale mpakani, nilipojaza makaratasi."

"Ulikuwa na nani?"

Nikasema, "Na Mama Rukia."

Sikusema ameiba. Nimejitetea kwa hilo mwaka mzima, sikusema ameiba, nilisema tu mkoba ulikuwa naye. Lakini nilijua nawatupia nani, na nilijua watampokeaje.

Shangazi alikuwa ameshainuka. "Hebu tufungulie pochi yako, Bi Rukia. Mtu akiwa safi haogopi."

Bi Rukia akaifungua mwenyewe, akaimwaga juu ya mkeka. Kitana, tasbihi, peremende. Shangazi hakutosheka. Yeye na wanawake wenzake wakamwingiza chumbani wakamfungua na leso. Mwanamke aliyenikanda kwa mafuta nikiwa na homa, anafunguliwa nguo na watu kwa ajili yangu, nami nimekaa ukumbini natazama vidole vya miguu yangu.

Alipotoka alisema maneno machache tu. "Alinipa mkoba umefungwa, nikamrudishia umefungwa." Akanitazama. Niligeuza uso.

Na Saidi, bwana harusi, alikuwa amesimama pale mlangoni. Alimtazama mamake jinsi mtu anavyomtazama mgeni.

Asubuhi tukaamka Bi Rukia hayupo. "Si niliwaambia!" Shangazi akapiga ukelele. "Ametoroka nazo!" Huku na huku, Ami akaanza kupanga maneno ya kuwaambia wakwe. Mimi nikatoka uani mara tatu, nikijiambia nikirudi nitasema. Nikirudi nakaa.

Kabla ya adhuhuri mlango ukabishwa. Bi Rukia akaingia, amejifunika buibui mpaka vidoleni, akaketi mbele ya Ami Omari, akafungua pindo la leso. Noti za Tanzania, bunda juu ya bunda.

"Mahari ya mwanangu," akasema. "Msiniulize."

Ami akazihesabu, zikatimia. Hakusema ahsante. Na Shangazi akanong'ona kwa sauti ya kusikiwa na jirani, "Mwaona? Ameshazibadilisha! Aliyeiba ameogopa Mungu, arudisha."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Kati yao aliyekuwa anajua kwamba hazikuibwa ni mmoja tu, naye alikuwa anakunywa kahawa.

Lakini aliponyoosha mkono kulikunja pindo lake, mkono wa buibui ulirudi nyuma kidogo. Nikaona. Bangili zake za dhahabu, alizozivaa tangu mahari ya Baba, ambazo hakuziuza hata mwaka tuliokosa karo, hazipo. Umebaki mstari mweupe tu kwenye ngozi. Alikuwa ameamkia kwa sonara.

Harusi ikafanyika. Vigelegele, pilau, mimi nikicheza. Nilicheza!

Tuliporudi Mombasa, Jumatatu nilikuwa wa kwanza mlangoni mwa benki. Pesa zote zilikuwapo, salama salimini, mahali mwizi hafiki. Nikazitoa, nikazikaza kwenye bahasha, halafu nisijue nizipeleke wapi. Nikizitoa hadharani wataniuliza zimetoka wapi. Nikazirudisha benki. Wiki iliyofuata nikazitoa tena. Yule karani wa benki alianza kunitazama vibaya.

Kwa wakati huo habari zilikuwa zimeshaenea mtaani. Wanawake wa mchezo wakamwendea Bi Rukia kwa adabu sana, wakamwambia wameona pesa azishike mwingine, yeye apumzike. Wateja wa mahamri wakapungua. Naye akafunga vyombo vyake, akahama nyumba ya Baba, akapanga chumba Tononoka. Si mimi si mtu yeyote aliyemzuia.

Nikamfuata huko na bahasha. Nikamkuta anachambua mchele. Nikaiweka kando ya ungo wake.

"Mama, nimekuletea kitu kidogo cha kukusaidia."

Hakuigusa. "Hizo ndizo ulizozikosa Tanga?"

Nikaivuta bahasha nyuma kidogo.

"Nilikuona, baba," akasema, angali anachambua. "Nilikuwa nimetoka kununua udi dukani. Nikakuona umesimama kwenye baraza ya ile hoteli kubwa, kile kikadi chako mkononi, uso umekusawijika. Nikajua kuna jambo. Uliponitaja jioni ile, nikalijua lote."

"Sasa mbona hukusema, Mama? Mbona hukunikanusha palepale?"

"Nikunyang'anye heshima mbele ya wakwe za Saidi? Harusi ivunjike?" Akainua uso. "Nilikuwa nangoja useme wewe. Na sasa ningali nangoja."

Nikaanza kulia. Nikamwambia chukua basi pesa, Mama, ukazikomboe bangili zako.

"Pesa rudi nazo. Bangili ni zangu, nilimpa mwanangu, sizidai. Wewe uliponitaja palikuwa na watu. Nirudishie jina langu palepale, mbele ya walewale."

Huo ni mwaka umepita, ndugu zangu. Mwaka! Idi mbili nimekaa na walewale, tumekula sinia moja, nami nimemeza neno pamoja na wali.

Sasa Saidi amepata mtoto wa kike. Mtoto ana siku zake za kutosha, na Bi Rukia hajamwona. Saidi hakumpelekea. Nilimuuliza, akanijibu kwa uchungu, "Kaka, mke wangu atasema nini, nimpeleke mtoto kwa mtu aliyetuibia mahari?" Ndugu yangu aliyelala kifuani mwa yule mwanamke mpaka akaanza shule! Hapo ndipo usingizi uliponitoka kabisa.

Jumapili hii ni akika, siku ya kumchinjia mtoto mbuzi. Ami Omari atakuwapo, Shangazi atakuwapo, wakwe wanakuja kutoka Tanga. Ni walewale.

Nilipoanza barua hii nilimwandikia mhariri juu kabisa kwamba asilitoe jina langu. Nimeisoma tena nikaona haya. La kwangu nimelificha tena, la kwake ndilo lililo nje mwaka wa pili. Kuungama gazetini bila jina hakumsaidii kitu Bi Rukia. Wala msidhani hapa nimetubu. Hapa najaribu ulimi tu kama utageuka.

Wenzangu mnaosafiri, mnaovuka mipaka na vikadi vyenu kifuani, visomeni kabla hamjatoka, na mfukoni muwe na noti za huko muendako. Na amana ya watu isafiri kama ulivyopewa. Lakini hayo ni madogo. Siku ile kadi itakapokataliwa mbele ya watu, na itakataliwa, semeni! Semeni palepale, mchekwe, yaishe. Msitafute mtu wa kumtwika. Mtampata upesi kuliko mnavyodhani, na atakuwa ni yule anayewapenda.

Jana nilikwenda Tononoka. Nikamwambia Mama, twende pamoja akika, nitasema.

"Umeshasema?" akaniuliza.

"Bado, Mama. Nitasema huko."

"Basi tangulia. Mimi nitavaa buibui langu nikae hapa mlangoni. Ukishasema, mwambie Saidi mwenyewe aje anichukue. Usiposema, nitavua nilale."