Roboti Aliyezungusha Kikombe

Juzi, kwenye mgahawa mmoja wa Kivinje, nilikaa meza moja na bibi kutoka Miteja na mjukuu wake wa kike aliyekuja likizo kutoka Dar. Binti alizama kwenye kitabu cha katuni cha roboti. Chai ilipoletwa, akapiga magoti juu ya benchi, akashika kikombe kwa mikono miwili na kukizungusha taratibu kabla ya kunywa.

“Ndiyo nini tena hiyo?” bibi akauliza.

“Roboti anafanya hivi, bibi. Ni mila ya Wajapani, kumheshimu aliyekukaribisha.”

“Mashaallah. Na kwetu, anayempa mgeni maji hufanyaje?”

 Binti akafungua kitabu, akaanza kupekua kurasa.

“Humo hatumo, mjukuu wangu,” bibi akasema, akaitazama chai yake.

Kwetu anayetoa maji hupiga magoti, akasubiri mgeni anywe, ndipo apokee kikombe. Wajapani wamefundisha adabu zao hadi roboti wa bati; sisi tulidhani watoto wetu watazaliwa nazo. Na yule binti, muda wote alipokuwa akipekua, alikuwa bado amepiga magoti.