Sura ya Kavira Nilileta Kutoka Beni

Nilitoka Butembo juu ya binti yangu Masika. Alikuwa mugonjwa wa mugongo, hapana kuweza kusimama, na mutoto wake Kavira alikuwa anaolewa Beni. Masika akanishika mukono: «Mama, uniletee picha ya sura yake mu robe ya ndoa.» Bapiga-picha bote balikuwa bamefunga, vita ilizuia filme kufika. Lakini bwana ya Masika alikuwa amenunua Dubai aparei ya picha ya mupya, na kitabu cha Kifaransa cha kuonyesha namna ya kuitumikisha. Mimi nilisomaka kidogo tu. Nikabeba byote.

Asubuhi, mu njia. Nilifunga aparei mu kitambaa nyeusi, nikaificha chini ya biazi bya kutoka kijiji Masereka. Mwangaza inachomaka filme, kila mutu anajua. Ku barrière ya askari, moja wao akaifungua pa jua.

— Koko, mama muzee, hii ni nini?

— Umeshachoma ndoa ya mujukuu wangu! Wewe hauna mama?

Akanirudishia mbio. Wenzake bakamucheka. Mimi nililia mpaka Beni.

Bungulu, mutaa wa Beni, kwa Zaina. Huyu ni rafiki yangu, bibi ya mufanyabiashara Muislamu, na Kifaransa anasomaka. Akafungua kamulango ka aparei.

— Mama Masika, unalilia nini? Filme hakuna humu! Kuko tu hii karte ya kutunza picha, kadogo kama ukucha.

Yeye akasoma, mimi nikabonyeza.

— Soma tena.

— Nimechoka kusoma!

— Soma. Kidole changu hakijasikia.

Nikabonyeza. Zaina akatokea mu kioo cha aparei, kinywa wazi, palepale, bila kuosha picha ku studio! Nikapiga vigelegele. Nikajua flash: inapiga mwangaza kama radi. Nikajua zoom: inavuta mutu karibu, na miguu yako haijatembea. Nikapiga picha majirani bote, muzee, batoto, mama wa kuuzisha makaa. Kila mutu sura yake.

Siku ya ndoa, ku kanisa. Zaina alisimama nami ku mulango, kitabu mu kwapa. Kavira akaingia. Nikabonyeza: kimya. Zaina akafungua kurasa mbiombio.

— Karte imejaa. Inafaa ufute mumoja.

— Hapana! Vita imetufutia batu bengi. Mimi niongeze na kidole changu?

Kavira alikuwa anaenda mbele, mugongo kwetu. Zaina akaniangalia machoni.

— Futa mimi. Mimi niko hapa, unaniona. Masika hamuoni mutoto wake.

Nikamufuta. Kavira akageuka, nikavuta zoom, nikabonyeza. Picha moja tu, lakini yote iko ndani: robe, kicheko, jasho ku pua.

Kurudi, ku barrière, askari ni ule ule.

— Koko, ndoa iliungua?

— Yote iliungua. Fungua njia.

Butembo, jua linashuka. Masika alikuwa anangojea, shingo imegeukia mulango. Nikamuwekea kioo mbele, nikavuta sura mpaka ikajaa.

— Amevaa heleni zangu, akasema. Mama, vuta tena.

Nikavuta. Tukacheka, tukalia.

Hii ndiyo nilijifunza: mashini inajua kufuta, basi mutu ajue kurudi. Zaina, osha uso. Ninakuja Beni kukupiga picha tena, na karte mupya iko na nafasi yako.