Mimi, Feza na Masafa Matatu ya Fimbo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sare ya bluu iliyonizidi, filimbi na rungu, nikaambiwa nisimame kwenye lango la ghala la chakula katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Rungu linatumikaje, hakuna aliyeniambia. Msimamizi wa Zamu, mzee mmoja wa Kibondo mwenye sauti ya chini, alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Yustina, wewe ni mfupi," alisema. "Watu wakianza kusukumana, piga filimbi, halafu jibanze ukutani."

Nilikuwa mke wa mkulima wa Murungu na sikuwahi kufanya kazi ya kuajiriwa. Nikaitikia.

Baadaye shirika lililotuajiri lilituletea Mkuu wa Ulinzi mpya, Mfilipino tuliyemwita Bwana Rodeli. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini akitaka jambo lieleweke lilieleweka. Alitufundisha mchezo wa fimbo wa kwao, akisema unamfaa mlinzi asiye na bunduki. Kwao fimbo hukatwa kwenye henzerani, mmea unaosukiwa viti. Huku hatuna, kwa hiyo tulikata matawi ya mpera, tukayababua motoni yakomae. Kila mtu alikuwa na fimbo yenye urefu wa mkono wake mwenyewe, toka kwapani hadi kiganjani.

Ninyi vijana mkisikia mchezo wa fimbo mnawaza mapigo. Sisi hatukufundishwa pigo hata moja mpaka tulipojua umbali. Bwana Rodeli aliyaita masafa, na yalikuwa matatu. Masafa ya mbali ni pale ambapo fimbo yako inafika kwenye mkono wa adui tu, mwili wake huupati. Hapo unapiga ule mkono ulioshika silaha. Kwao wanasema umemng'oa nyoka meno. Masafa ya kati, fimbo yako inamfika kichwani, na mkono wako wa kushoto unaweza kuugusa mkono wake. Masafa ya karibu, fimbo haina tena nafasi ya kuzunguka. Unatumia kitako chake, kile kipande kinachobaki chini ya ngumi, pamoja na kiwiko na goti.

"Mtu anachagua masafa kwa mwili wake," alituambia. "Mrefu, kaa mbali. Wewe Yustina, mbali si yako. Ingia ndani, au toka. Katikati usisimame. Katikati ndiyo kaburi."

Kisha akanipanga na Feza. Feza alikuwa mkimbizi kutoka Kivu, mmoja wa sungusungu, yaani walinzi ambao wakimbizi waliwachagua wenyewe kwa wenyewe. Alikuwa mrefu kuliko wanaume wengi pale kambini. Alinizidi urefu, mimi nikamzidi umri, akawa ananiita Yaya, ambayo kwao ni dada mkubwa.

Tulifanya mazoezi asubuhi nyuma ya ghala, wakati ukungu wa huku juu haujaondoka na vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Tulichora pembetatu kwenye udongo mwekundu, tukajifunza kusogea kwa kufuata pande zake, kwa sababu anayerudi nyuma moja kwa moja hufuatwa moja kwa moja. Ncha za fimbo tulizichovya kwenye majivu. Ukikosea umbali, alama nyeupe inabaki kwenye shati lako la bluu na kila mtu anaiona. Mimi nilirudi nyumbani mweupe kama mpishi wa maandazi. Feza alicheka mpaka akakaa chini.

"Yaya, unaogopa kuingia," aliniambia. "Ukiona mkono yangu imepita, njo mbio. Usingoje ingine."

Siku niliyoweza kumwingia kwa mara ya kwanza, paji langu likagonga kifua chake, alidondosha fimbo akanikumbatia. Toka siku ile nilimjua kwa pumzi. Nilijua anapotaka kupiga kabla bega lake halijasogea.

Siku moja ya kugawa chakula alikuja mtu na panga. Wengi tulimfahamu, mtu mpole, aliyekuwa amemzika mwanawe juma lile. Alikuwa akimtafuta karani wa mgao, na maneno yake yalikuwa hayaeleweki. Watu wakakimbia. Karani akabaki amekwama kati ya magunia na ukuta.

Feza akasimama mbele ya yule mwenye panga. Hakumpiga. Alikaa kwenye masafa ya mbali, fimbo imenyooka, akawa anarudi kwa kuzunguka huku akimsemesha kwa lugha yao, taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa ale. Yule mtu alikata hewa, akakata tena. Kila alipokata, Feza alikuwa ameshatoka kidogo tu, asiwe mbali kiasi cha kumfanya amgeukie mwingine. Nilielewa ananizungushia. Mgongo wa yule mtu ulipofika upande wangu na panga likapita, niliingia. Niliubana mkono wake kwapani, nikagonga kifundo kwa kitako cha fimbo, panga likaanguka. Yeye naye akaniangukia begani, akalia.

Msimamizi wa Zamu aliuliza kwa nini hatukumvunja mkono tangu mwanzo. Bwana Rodeli akamjibu, "Kwa sababu waliweza kutomvunja." Yule baba alirudi kwa mkewe siku ileile.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote maishani mwangu, na sikuifanya peke yangu.

Mwaka uliofuata Feza alipata nafasi ya kwenda kuishi ng'ambo, yeye na watoto wake. Tuliagana penye basi. Alikuwa amevaa koti zito, jua linawaka. Bwana Rodeli naye mkataba wake ukaisha.

Mimi nilichukuliwa na kampuni moja ya ulinzi mjini Kasulu, nikawa mkufunzi. Mkuu wa Mafunzo, mwanajeshi mstaafu, hakuwa mtu mbaya. "Mama Yustina," aliniambia, "hawa wanakwenda kulinda maduka na shule. Wape asubuhi moja, inatosha." Asubuhi moja haitoshi masafa matatu. Niliwafundisha ya mbali tu: piga mkono, toka, paza sauti. Wengi walikuwa vijana wema. Walijifunza, wakapewa lindo, wakaondoka. Mimi na wao hatukufikia kujuana kwa pumzi.

Sasa nimestaafu, nimerudi Murungu. Mume wangu alitangulia, wanangu wako Mwanza na Dar es Salaam. Asubuhi natoka uani na fimbo, nimechimbia nguzo ya mkaratusi. Nguzo inafaa kwa nguvu ya mkono. Kwa masafa haifai kitu, maana haikujii wala haikukimbii. Umbali unahitaji mtu.

Feza hunipigia simu Jumapili. Siku moja aliniuliza, "Yaya, bado unachezaka?"

"Nacheza."

"Na nani?"

Nilitaka kusema na nguzo. Nikasikia jinsi alivyonyamaza kusubiri, huko kwenye baridi yake, nikasema, "Na mama mmoja jirani."

Alifurahi sana. Akauliza jina. Nikatazama shamba la muhogo, nikasema, "Leokadia."

Tangu hapo kila Jumapili anamuulizia. Nimemwambia Leokadia ni mrefu, ana mkono mzito, anacheka ovyo. Jumapili iliyopita aliuliza kama ameshajifunza kuingia.

"Bado," nikasema. "Anaogopa."

"Umuvumilie, Yaya. Na weye uliogopaka."

Nikamwambia nitamvumilia.