Funda la Mwenye Nyumba

Mama hakuanza akiwa mlevi. Nalisema hilo mapema, kwa sababu Majengo nzima pale Mpanda ilisema vingine, na midomo ya Majengo haikuwa na breki. Alikuwa mpishi wa gongo, tena hodari, na kwa miaka mingi aliipika pombe ile ya kificho bila kuipenda hata harufu yake.

Kilichomponza ni adabu. Kwetu mgeni hapokei kinywaji kabla mwenye nyumba hajakionja mbele ya macho yake. Wenyewe waliita kuonja huko kutoa uchawi. Mkulima wa Kasekese akitaka atolewe uchawi, Mama alipiga funda. Mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake naye alitaka atolewe wake, maana funda la mwenzake halikumhusu. Mwanzoni Mama alikunja uso kila akionja. Ilipofika miaka ya sabini, watu wanahamishiwa vijiji vipya na kila mmoja ana jambo la kusahau, alikuwa hakunji tena.

Nilirudi kutoka chuo cha ualimu nikakuta mikono yake inatetemeka kila asubuhi mpaka apate funda la kwanza. Nilikasirika, na hasira ile ilininyima utulivu. Nikikaa nasimama. Nikitumwa kisimani nageukia njiani, nirudi kuchungulia kama amelala au ameanguka. Nilificha chupa ndani ya pumba za mahindi, akazipata kabla ya kuku. Nikamsihi aache kupika, akanijibu kwa upole kwamba hata viatu nilivyovaa vilitoka kwenye mtungi uleule. Nikazidi kuchukia.

Basi nikabuni ujanja, na nilijiona nina akili kweli. Kama shida ni adabu, nitaonja mimi. Mchana mmoja akaja fundi baiskeli, mteja wetu wa siku zote. Nikamimina, nikainua kikombe mdomoni.

"Acha, mwanangu," Mama akasema, akaninyang'anya.

Furaha ilinijaa mpaka machozi yakanilenga. Nikajua hataki niingie shimoni alimo yeye. Fundi naye aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

Mama akanywa. Alikunywa chote, macho kayafumba, kisha akaninyooshea kikombe nijaze. Nikadhani hicho ni cha mgeni. Akanywa na hicho.

Fundi alikohoa kidogo. "Mama, uchawi umeshatoka," akasema taratibu. "Sasa nipe changu."

Mama hakukiachia kikombe. Alikiangalia chini kabisa, akakigeuza, kisha akaninyooshea tena.

"Bado haujatoka," akasema.

Fundi alinitazama mimi, mwalimu mtarajiwa, aone nitafanya nini. Mikono ya Mama ilikuwa imeanza kutetemeka, na sikuweza kuivumilia. Nikamjazia.